Gitaa la Uso wa Tao: Fizikia Mikononi mwa Mafundi

UTANGULIZI

Gitaa ni ala inayofahamika sana katika nchi yetu. Bendi za muziki wa dansi zimelitumia kwa miaka mingi, na hapana shaka kila msomaji amepata kulisikia. Hata hivyo, magitaa si ya namna moja. Lile linaloonekana mara nyingi mikononi mwa wanafunzi na wanakwaya lina uso bapa kama ubao wa meza, na tundu moja la mviringo katikati. Liko gitaa jingine ambalo uso wake umebinuka kama mgongo wa kobe, na badala ya tundu la mviringo lina matundu mawili marefu yaliyopinda mfano wa herufi f. Hilo tutaliita hapa gitaa la uso wa tao.

Gitaa hili lilibuniwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Lilifikia upeo wake kati ya miaka ya 1920 na 1950, kisha wengi wakaliacha. Yaliyosalia ya miaka ile hutafutwa leo na wanamuziki na majumba ya makumbusho. Makala haya yana makusudi mawili. Kwanza, kueleza kwa misingi ya fizikia kwa nini gitaa hili lilichukua umbo lake. Pili, kuonyesha jinsi ujuzi wa kulitengeneza ulivyokaribia kutoweka, kwa kuwa sehemu kubwa ya ujuzi huo ilikaa katika mikono na masikio ya watu wachache.

UZI, UBAO NA HEWA

Uzi wa gitaa peke yake hauna sauti ya maana. Ukifunga uzi wa chuma baina ya misumari miwili katika ukuta wa mawe na kuudonoa, utausikia kwa shida. Sababu ni kwamba uzi ni mwembamba; unapotetemeka huikata hewa tu bila kuisukuma. Ili sauti isikike mbali, mitetemo ya uzi haina budi kuhamishiwa kwenye kitu kipana kinachoweza kusukuma hewa nyingi kwa mara moja. Kazi hiyo hufanywa na uso wa gitaa, ukisaidiwa na mgongo wake pamoja na hewa iliyomo ndani.

Hapa pana kanuni moja ambayo msomaji aikumbuke hadi mwisho: gitaa halizalishi nishati. Nishati yote ya sauti hutoka katika kidole cha mpigaji. Anachoweza kufanya fundi ni kuamua jinsi nishati hiyo itakavyotumika. Ikitolewa polepole, sauti itakuwa ndogo lakini itadumu. Ikitolewa upesi, sauti itakuwa kubwa lakini itakufa mapema. Ni sawa na maji ya mtungi: ukitoboa tundu dogo yatachuruzika kwa muda mrefu, ukitoboa kubwa yatabubujika na kwisha.

Sasa tulinganishe magitaa yetu mawili. Katika gitaa la uso bapa, nyuzi zimefungwa kwenye daraja, yaani kijiti kilichogandishwa kwa gundi juu ya uso. Nyuzi hulivuta daraja hilo kuelekea shingoni na kutaka kuling'oa. Katika gitaa la uso wa tao mambo ni tofauti. Daraja halikugandishwa, limesimama tu juu ya uso. Nyuzi hupita juu yake na kwenda kufungwa kwenye kipande cha chuma kiitwacho mkia, ambacho kimeshikizwa mwishoni mwa kiwiliwili. Kwa hiyo nyuzi haziung'oi uso, bali huukandamiza. Msomaji aliyewahi kuketi karibu na wapigaji wa fidla katika kikundi cha taarabu atatambua mpango huo mara moja, maana fidla hutengenezwa hivyo hivyo: uso uliobinuka, daraja lisilogandishwa, na matundu mawili ya umbo la f.

Ni kani kiasi gani inayoukandamiza uso? Tuchukue mfano. Jumla ya mkazo wa nyuzi sita za chuma inaweza kufika kadiri ya kilo 75. Nyuzi zikipinda kwa nyuzi-joto 15, la, tuseme kwa usahihi, kwa pembe ya digrii 15 juu ya daraja, hesabu ya kawaida ya kani inatupa mkandamizo unaokaribia kilo 20. Huo ni uzito wa debe zima la maji. Debe hilo limeketi juu ya ubao wenye unene wa milimita chache tu, usiku na mchana, kwa miaka mingi. Ubao bapa wa unene huo ungebonyea. Ungefanywa mnene zaidi ili ustahimili, ungekuwa mzito mno, na nyuzi zisingeweza kuutetemesha.

Utatuzi wa tatizo hilo ni tao. Wajenzi wa kale wa misikiti na nyumba za mawe katika pwani yetu walilijua jambo hili walipojenga tao juu ya mlango: umbo lililobinuka huugeuza uzito unaotoka juu kuwa mbano unaosafiri hadi kwenye kingo. Kwa njia hiyo kitu chembamba na chepesi huweza kubeba mzigo mkubwa.

JARIBIO

Msomaji anaweza kulithibitisha hilo nyumbani. Chukua kadi ya karatasi ngumu, uilaze juu ya vitabu viwili vilivyoachana kidogo kuliko urefu wa kadi. Weka sarafu moja katikati, kadi itabonyea. Kisha ikunje kadi hiyo hiyo iwe tao, uisimamishe mezani baina ya vitabu hivyo viwili ili kingo zake zibanwe zisiweze kutanuka. Weka sarafu juu yake, moja baada ya nyingine. Utaona kwamba karatasi ile ile, bila kuongezwa unene wala uzito, sasa inabeba zaidi. Sukuma kitabu kimoja kando kidogo, nalo tao litaanguka. Katika gitaa kazi ya vitabu hufanywa na mbavu, yaani mbao nyembamba zilizozunguka kiwiliwili.

MWANZO WAKE

Mtu anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ala hii ni Orville Gibson, aliyezaliwa mwaka 1856 katika jimbo la New York na kuhamia mji wa Kalamazoo, Michigan. Katika zama zile magitaa na mandolini yalitengenezwa kwa mbao nyembamba zilizopindwa au kushindiliwa zipate umbo. Gibson aliamini kwamba mti uliopindwa kwa nguvu hautetemeki kwa uhuru. Kwa hiyo alichonga sehemu za ala zake kutoka katika mbao nene, kama mchonga mtumbwi anavyoutoa mtumbwi katika gogo, tofauti na mjenga jahazi anayepinda mbao. Tarehe 1 Februari 1898 alipewa hataza namba 598,245 ya Marekani kwa mandolini ya namna hiyo, na magitaa yake aliyachonga kwa kufuata mawazo yale yale. Mwaka 1902 wafanyabiashara wa Kalamazoo waliunda kampuni yenye jina lake. Mwenyewe alifariki mwaka 1918.

Magitaa ya awali ya kampuni hiyo yalikuwa na tundu la mviringo au la yai katikati ya uso. Tundu hilo liliukata ubao mahali pale ambapo nguvu na mitetemo huhitajika. Mabadiliko makubwa yaliletwa na Lloyd Loar, mwanamuziki na mtaalamu wa elimu ya sauti, aliyefanya kazi katika kampuni hiyo kuanzia mwaka 1919 hadi 1924. Mwaka 1922 kampuni ilianza kutoa gitaa lililoitwa L-5. Upana wa kiwiliwili chake ulikuwa inchi 16, yaani kadiri ya sentimita 41. Matundu yake mawili ya umbo la f yalikaa pembeni, hivyo ubao wa katikati ukabaki mzima kutoka upande wa shingo hadi upande wa mkia. Chini ya uso ziligandishwa papi mbili zilizoelekea sambamba na nyuzi. Ndani ya shingo ulipitishwa ufito wa chuma unaoweza kukazwa ili kuizuia shingo isipindwe na mkazo wa nyuzi; ufito huo ulibuniwa na mfanyakazi wa kampuni, Thaddeus McHugh, aliyepewa hataza yake mwaka 1923.

Loar alishikilia kwamba kila sehemu ya ala, yaani uso, mgongo, papi, na hata hewa iliyomo ndani, ina sauti yake ya asili, na kwamba sehemu hizo hazina budi kupatanishwa. Kuhusu hewa, mfano wake ni chupa tupu: ukipuliza mdomoni mwake hutoa sauti moja maalumu, ambayo hutegemea ukubwa wa chupa na upana wa mdomo. Kiwiliwili cha gitaa ni chupa ya namna hiyo. Ukipanua matundu, sauti ya hewa hupanda. Ukikuza kiwiliwili, hushuka.

MTI NA KAZI YA KUUCHONGA

Uso wa gitaa bora la tao huchongwa kwa sprusi, mti wa nchi za baridi ulio katika jamii moja na misonobari. Mti huu una sifa mbili ambazo kwa kawaida hazipatikani pamoja: ni mwepesi, na tena ni mkakamavu. Mita moja ya ujazo wake huwa na uzito wa kilo 400 hadi 450 hivi, ilhali sauti husafiri ndani yake, kwa kufuata nyuzinyuzi za mti, kwa kasi ya zaidi ya mita 5,000 kwa sekunde. Hewani kasi hiyo ni kadiri ya mita 340 tu. Lakini sprusi haiko sawa pande zote. Ukakamavu wake kwa kufuata nyuzinyuzi huzidi ule wa kukatisha kwa zaidi ya mara 10. Tao linamsaidia fundi kuupunguza udhaifu huo.

Mgongo na mbavu hutengenezwa kwa mepo, mti mzito na mgumu zaidi ambao hutumika pia katika mgongo wa fidla. Kibao cha shingoni ambacho vidole hukandamizia nyuzi hufanywa kwa mti mweusi wa abunusi, ulio mgumu kulika. Msomaji asiuchanganye na mpingo wetu, *Dalbergia melanoxylon*, ambao ni wa jamii nyingine na ambao sifa yake kubwa duniani ni kutengenezea klarineti na obo.

Gogo hupasuliwa kwa kuelekea kiini, kama mtu anayekata vipande vya keki, ili pete za umri wa mti zisimame wima katika ubao. Vipande viwili vilivyokuwa jirani hufunguliwa kama kurasa za kitabu na kuunganishwa katikati. Baada ya kukaushwa kwa miaka, fundi huanza kuchonga upande wa nje kwa patasi ya kombo na vijiranda vidogo, vingine visivyozidi urefu wa kidole gumba. Kisha hugeuza ubao na kufukua upande wa ndani. Uso uliokamilika huwa na unene wa kadiri ya milimita 6 katikati, chini ya daraja, ukipungua hadi kadiri ya milimita 3 karibu na ukingo. Hapo kwenye ukingo hupita mfereji mwembamba unaouwezesha uso mzima kupanda na kushuka kama ngozi ya ngoma.

Vipimo hivyo ni vya kuanzia tu. Hakuna vipande viwili vya mti vilivyo sawa, hata vikitoka katika gogo moja. Kwa hiyo fundi hushika ubao kwa vidole viwili, huugonga kwa kifundo cha kidole, husikiliza, huondoa kidogo, kisha hugonga tena. Wanasayansi walikuwa na njia yao ya kuyaona yale ambayo fundi huyasikia. Mwaka 1787 Mjerumani Ernst Chladni alieleza kwamba ukinyunyiza mchanga juu ya bamba linalotetemeka, mchanga huyakimbia maeneo yanayocheza na kujipanga kwenye mistari iliyotulia. Katika karne ya 20 Carleen Hutchins wa Marekani aliitumia njia hiyo kuchunguza mbao za fidla, akaonyesha kwamba sikio la fundi na mchanga wa mwanasayansi vinaweza kufanya kazi pamoja.

MAFUNDI WA NEW YORK NA BOSTON

Katika miaka ya 1930 bendi za jazi za Marekani zilikuwa na matarumbeta, saksafoni na ngoma nyingi. Gitaa lilitakiwa lisikike katikati ya vishindo hivyo bila umeme, na gitaa la tao ndilo lililochukua nafasi ya banjo. Hapa ile kanuni ya nishati ilionekana kwa vitendo. Sauti ya gitaa hili huruka upesi na kufa upesi. Kwa hiyo kila pigo husikika peke yake, wala halifuniki pigo linalofuata. Freddie Green, aliyejiunga na bendi ya Count Basie mwaka 1937 na kudumu nayo hadi alipofariki mwaka 1987, alifanya kazi hiyo ya kushika mapigo kwa magitaa ya tao yasiyotiwa umeme.

Haja ya sauti kubwa ilivikuza viwiliwili. Mwaka 1934 kampuni ya Gibson ilitoa Super 400 yenye upana wa inchi 18. Huko Boston, Elmer Stromberg, aliyefanya kazi pamoja na baba yake Charles, alifika inchi 19, yaani kadiri ya sentimita 48. Kadiri ya mwaka 1940 Stromberg aliacha papi mbili na kutumia papi moja tu iliyokatisha mshazari chini ya uso, kusudi uso uwe mwepesi zaidi. Huko New York, John D'Angelico, aliyezaliwa mwaka 1905 na kufundishwa na jamaa yake aliyekuwa fundi wa mandolini na fidla, alifungua karakana yake mwaka 1932. Hadi alipofariki mwaka 1964 alikuwa ametengeneza magitaa 1,164 yenye namba, wastani wa magitaa 36 hivi kwa mwaka.

Hapa ndipo historia inapotoa fundisho lake. Elmer Stromberg na baba yake walifariki katika mwaka mmoja, 1955, na karakana yao ikafungwa. Magitaa yao yapo, na mtu anaweza kupima unene wa mbao zake. Lakini kwa nini unene huu ulichaguliwa kwa ubao huu, na ule kwa ubao mwingine, ni jambo ambalo ala yenyewe haiwezi kulisema. Kwa D'Angelico mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1952 alimpokea kijana James D'Aquisto kuwa mwanagenzi. Kijana huyo alikaa naye miaka 12, akairithi kazi, akaiendeleza na kuibadilisha hadi alipofariki mwaka 1995. Tofauti ya karakana hizo mbili haikuwa ya kipaji. Ilikuwa ya kuwapo au kutokuwapo kwa mtu wa kupokea ujuzi.

UMEME WAINGIA

Mwaka 1936 Gibson ilitoa gitaa la ES-150 lenye kinasa cha sumaku. Msingi wake ni ule uliogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831: badiliko la usumaku ndani ya koili ya waya huzaa mkondo wa umeme. Uzi wa chuma unapotetemeka juu ya sumaku hulileta badiliko hilo, na mkondo unaopatikana hukuzwa na mtambo. Charlie Christian, aliyejiunga na Benny Goodman mwaka 1939, aliuonyesha ulimwengu uwezo wa chombo hicho kabla ya kufariki akiwa kijana mwaka 1942.

Umeme uliivunja ile kanuni tuliyoanza nayo, kwa kuwa sasa nishati ilitoka ukutani badala ya kidoleni. Tena sifa ya uso mwepesi ikageuka kuwa kasoro: sauti ya kipaza sauti huurudia uso, uso hutetemeka tena, kinasa hunasa tena, na mlio mkali hutokea. Ili kuuzuia, mwaka 1949 Gibson ilitoa ES-175 yenye uso wa plaiwudi iliyoshindiliwa, ambao hautetemeki kwa urahisi. Na katika miaka ya 1950 magitaa ya ubao mzima yasiyo na uwazi yakaenea. Tatizo ambalo tao lilibuniwa kulitatua lilikuwa limetatuliwa kwa njia nyingine, na rahisi zaidi.

MARADHI YA MAGITAA YA ZAMANI

Nilipokuwa masomoni ng'ambo, fundi mmoja aliniita niangalie gitaa la zamani alilopelekewa. Alipofungua sanduku, harufu kali ilitupiga puani. Kibao cha kukinga uso dhidi ya mikwaruzo kilikuwa kimepasukapasuka kama tope kavu, dhahabu ya mkia imegeuka kijani, na mti uliokuwa karibu umebabuka. Mwenye gitaa alikuwa amelifungia sandukuni kwa miaka, akidhani kwamba analihifadhi.

Kisa chake ni cha kemia. Vibao na mapambo mengi ya magitaa yale yalifanywa kwa seluloidi, iliyotokana na selulosi ya mimea iliyotiwa asidi ya naitriki na kuchanganywa na kafuri. Kadiri miaka inavyopita, seluloidi huvunjika na kutoa gesi za oksidi za naitrojeni. Gesi hizo zikikutana na unyevu wa hewa huwa asidi, na asidi hiyo huharakisha uvunjikaji wa seluloidi iliyobaki. Filamu za sinema za kale ziliharibika kwa sababu hiyo hiyo. Sanduku lililofungwa huizuia gesi isitoke, na kwa hiyo huzidisha madhara. Dawa yake ni kukiondoa kibao kinachooza, kukiweka mbali mahali penye hewa, na kutengeneza kingine cha plastiki iliyo imara.

Kwa bahati njema, viungo vya magitaa mengi ya zamani viligandishwa kwa gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama. Gundi hiyo hulegea kwa joto na unyevu, hivyo fundi mwangalifu huweza kulifungua gitaa, kulitibu na kulifunga tena bila kuuvunja mti.

HITIMISHO

Gitaa la uso wa tao halikupotea kabisa. Waliopenda sauti yake waliendelea kulitafuta, na mafundi wapya wakatokea. Mwaka 1994 fundi Robert Benedetto alichapisha kitabu kinachoeleza hatua kwa hatua, pamoja na vipimo na michoro, jinsi ya kulitengeneza. Mwaka 2011 jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York lilifanya maonyesho ya kazi za D'Angelico, D'Aquisto na mwenzao John Monteleone. Yale ambayo zamani yalijulikana katika karakana chache sasa yanaweza kusomwa na kijana yeyote aliye na patasi na subira.

Nasi tunao mafundi wanaotengeneza zeze, marimba, gambusi na ngoma. Wanajua ni mti gani ukatwe, ukauke muda gani, na ngozi ivutwe kiasi gani, na wengi wao ni wazee. Kipimo cha unene, mizani, na kinasa sauti cha kawaida vinatosha kuanzia. Mwanafunzi wa sayansi atakayekwenda kuketi na fundi mmoja wakati wa likizo, akaandika jina la mti, vipimo vya kila sehemu, na sababu ambazo fundi mwenyewe anazitoa, atakuwa amefanya utafiti halisi. Aidha, asisahau kumwuliza fundi huyo kama ana mwanagenzi.